Jukwaa au kamera? Ulinganisho kwa vikundi vya Unguja na Pemba vyenye jambo la kweli la kusema

Kila mwaka, hasa msimu wa karafuu unapokwisha na watu wakapata nafasi, vikundi vya vijana na vya akina mama hapa Pemba hunijia na suali lile lile. Wana jambo la kweli linalowaumiza, wana fedha kidogo mkononi, na wanataka jambo hilo lisikike na libadilike. Je, watengeneze mchezo wa jukwaani au wapige filamu? Wengi huwa wameshaamua kabla ya kuuliza, na wameamua filamu, kwa kuwa filamu hubaki, hutumwa, na mfadhili anaweza kuiona akiwa kwao. Sina ugomvi na filamu. Nimefanya kazi nayo kwa muda mrefu kuliko nilivyofanya kazi na jukwaa. Lakini nimeona mara nyingi chombo kizuri kikipewa kazi isiyo yake, na gharama ya kosa hilo humwangukia yule aliyekubali kufungua mdomo wake mbele ya watu.

Vyombo ninavyovilinganisha ni viwili tu. Cha kwanza ni filamu ya makala, ambayo watu halisi huonekana na kusikika wakieleza mambo yao wenyewe. Cha pili ni tamthilia ya ushuhuda, yaani mchezo ambao maneno yake hayakutungwa na mwandishi mezani, bali yamechukuliwa kwa waliopatwa na jambo, yakarekodiwa, yakaandikwa neno kwa neno pamoja na kusita kwake na kurudia kwake, kisha wakakabidhiwa waigizaji. Michezo ya kuelimisha tunayoiona kwenye sherehe, yenye mlevi wa kuchekesha na daktari anayetoa ushauri mwishoni, haimo katika makala hii.

Tamthilia ya namna hii inajulikana duniani kwa kazi kama ile ya Peter Weiss, aliyechukua maneno yaliyosemwa mahakamani Frankfurt katika kesi ya watumishi wa kambi ya Auschwitz akayafanya mchezo, ukaoneshwa mwaka 1965 siku moja katika majumba kadhaa ya Ujerumani zote mbili. Sisi tulikuwa na yetu kabla ya hapo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, aliimba mbele ya watu wa mji wa Unguja kisa cha kweli cha Kijiti, aliyemuua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam kisha akavuka bahari akaenda zake, na waliofungwa wakawa ni wale waliokwenda kutoa ushahidi. Wasikilizaji wake waliijua kesi, waliwajua wahusika, na walielewa kwamba anayesemwa hasa ni hakimu. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kusimamisha jambo la kweli mbele ya hadhara ni desturi ya kuletwa, mkumbushe hilo.

Suali la kwanza: anayetakiwa kubadilika anakaa wapi?

Jukwaa humfaa mtu aliye karibu. Mchezo ukichezwa uwanjani mwa skuli baada ya sala ya alasiri, wanaotazama ni baba, shangazi, mwalimu wa madrasa, sheha (kiongozi wa serikali katika mtaa au kijiji, yaani shehia) na wauza duka, na kila mmoja anamwona mwenzake anatazama. Nguvu yake inatoka hapo. Mtu anayetazama filamu kwenye simu yake yuko peke yake, anaweza kuhuzunika akaizima, na hakuna ajuaye kwamba aliiona. Aliyekaa kwenye mkeka katikati ya majirani hana njia hiyo ya kujificha, na mchezo ukimalizika lazima aseme neno au anyamaze huku watu wakikiona kimya chake.

Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazili, alikwenda mbali zaidi: alimruhusu mtazamaji ausimamishe mchezo, apande jukwaani, na aoneshe yeye angefanya nini mahali pale. Alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro kuanzia 1993 hadi 1996, mambo yaliyojitokeza kwa njia hiyo mitaani yalipelekwa katika baraza la jiji, na sheria 13 zikapitishwa. Karibu na kwetu, wahadhiri wa sanaa za maonesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, walikwenda Malya mkoani Mwanza mwaka 1982 na 1983, wakakaa na wanakijiji kuyachambua matatizo yao kabla ya kuyatia kwenye ngoma na maigizo ya pale pale. Utaona kwamba kote huko kazi kubwa ilikuwa ni mazungumzo. Igizo lilikuwa mlango wa kuyaingilia.

Filamu, kwa upande wake, humfaa mtu aliye mbali. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 543,441 Pemba na 1,346,332 Unguja, na mambo mengi yanayotuhusu sisi wa Pemba huamuliwa ng'ambo ya mkondo, huko Unguja, katika afisi ambazo mkulima wa Micheweni hatafika hata mara moja maishani mwake. Kundi la waigizaji kumi na wawili haliwezi kuabiri boti kila panapohitajika sauti yao, ilhali dakika kumi na tano za filamu huvuka ndani ya mfuko wa shati.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kisiwa. Fogo ni kisiwa cha wavuvi huko Newfoundland, Kanada, na miaka ya 1960 serikali ilikuwa ikiwahamisha watu wa vijiji vya mbali kuwapeleka kwenye miji. Mwaka 1967 Colin Low wa Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada alifika huko, na badala ya kutengeneza filamu moja kubwa yenye sauti ya msimulizi, akatengeneza filamu fupi fupi zaidi ya 20, kila moja ikiwa na mtu mmoja au jambo moja: mvuvi akieleza habari ya mashua, watu wakijadili kuunda ushirika. Kila aliyepigwa picha alionyeshwa mwanzo yeye mwenyewe, akiwa na haki ya kusema ondoeni hapa. Kisha filamu zikazungushwa katika vijiji vya kisiwa hicho hicho, vilivyokuwa vimegawanyika kwa madhehebu na havikuzoea kukaa pamoja, watu wakagundua kwamba wa kijiji cha pili wanalia kilio kile kile. Baada ya hapo ndipo zikapelekwa kwa wakubwa, na waziri aliyehusika na uvuvi akawajibu kwa kupigwa filamu naye, ikarudishwa kisiwani. Ushirika ukaundwa, mashua kubwa zikajengwa, na watu wa Fogo wakabaki Fogo. Mtu wa Kojani au wa Kisiwa Panza, visiwa vidogo vya hapa Pemba, akisimuliwa habari hii hahitaji kufafanuliwa.

Zingatia mpangilio ule: mwenyewe kwanza, jirani wa pili, mkubwa wa tatu. Vikundi vyetu hufanya kinyume chake. Filamu inapigwa Pemba, inahaririwa mjini, inazinduliwa hotelini mbele ya wageni waalikwa, na mwanamke ambaye uso wake umejaa kwenye turubai huja kuiona mwisho, kama ataiona.

Suali la pili, nalo ndilo zito: aliyesema ataishi vipi kesho yake?

Sisi ni watu wa sitara. Neno hilo limetumika vibaya mara nyingi, hasa katika mambo ya udhalilishaji wa watoto, ambapo ndugu hukaa wakalimaliza jambo nyumbani kwa kuoneana muhali, yaani kuoneana haya, kesi ikafa na mtoto akabaki na lake. Hata hivyo sitara yenyewe ni haki ya mtu, na anayetaka kuondosha muhali hana ruhusa ya kumvua mwenzake sitara yake ili afikie huko.

Niliwahi kushiriki katika filamu fupi iliyomhusu mama mmoja ambaye jambo kama hilo lilimpata mwanawe. Tulimhakikishia kwamba hatajulikana. Uso wake ulifichwa kwa ukungu, jina halikutajwa, kijiji hakikutajwa. Tulichokisahau ni khanga aliyojitanda: ilikuwa na maandishi ambayo kila mwanamke wa mtaa ule aliyafahamu kwa sababu ndizo zilizonunuliwa sare kwa harusi moja ya hapo. Sauti nayo tuliiacha kama ilivyo. Kipande cha filamu kilivuja kwenye makundi ya simu kabla hata hatujaionesha rasmi, na jioni ile ile watoto walikuwa wakimwita kwa maneno aliyoyasema. Alihamia kwa dada yake, mbali na pale, na sijawahi kupata neno la kumwambia.

Miaka miwili baadaye tulilifanyia jambo hilo hilo kazi ya jukwaani, kwa mama mwingine, katika darasa la skuli moja huko Wete, madawati yamesukumwa ukutani. Msichana aliyepewa maneno yake alifika mahali ambapo mashemeji wanakuja kuomba yaishe kifamilia, akalia kwa kwikwi, na sote tukaona amefanya vizuri. Mama mwenyewe, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango, akainua mkono. "Mwanangu," akamwambia, "mimi sikulia. Nilikuwa napepeta mchele, na niliendelea kupepeta mpaka wakaondoka." Likaletwa ungo. Msichana akarudia maneno yale yale bila chozi, akipepeta, na sauti ya punje ikawa ndiyo inayosikika kila shemeji anaponyamaza kusubiri jawabu. Mchezo ulipochezwa, tulianza katika shehia ya mbali na kwao, na maneno yake yalichanganywa na ya kina mama wengine wawili, hata asiweze mtu kusema huyu ni fulani. Yeye mwenyewe alikuja akakaa miongoni mwa watazamaji, akasikia watu wasiomjua wakimtetea.

Sijui namna yoyote ambayo kamera ingeweza kumpa hilo. Jukwaa humwazima mtu uso mwingine na sauti nyingine, na likishavunjwa hakuna kinachobaki cha kusambazwa. Ndiyo sababu, kwa mambo ya udhalilishaji, ya talaka, ya maradhi yanayofichwa, na kwa kila jambo ambalo aliyedhulumiwa na aliyedhulumu wanachota maji bomba moja, ushauri wangu ni jukwaa, na sioni sababu ya kusitasita. Yanapohusu watoto, hata jukwaani mtoto asicheze nafasi ya mtoto aliyedhurika. Maneno yasemwe na mtu mzima.

Mahali ambapo jukwaa hushindwa

Udhaifu mkubwa wa tamthilia, hata iwe ya maneno ya kweli kiasi gani, ni kwamba mkubwa anaweza kusema ule ni mchezo tu. Hawezi kusema hivyo kuhusu picha ya maji ya chumvi yaliyoingia katika bonde la mpunga, au ya kamba za mwani zilizorudi tupu. Kilimo cha mwani, kilichoanza kibiashara mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, kimebebwa zaidi na wanawake, na aina ya kotonii, yenye bei nzuri zaidi, haivumilii maji yanapopata joto. Msichana akiigiza jukwaani kwamba mwani umekufa, watu watamwamini kwa sababu wanamjua. Mnunuzi na mtaalamu walio mbali watataka kuuona. Filamu inaweza kuonesha kitu ambacho hakuna mwigizaji anayekiweza: viganja vya mkulima baada ya kukaa majini kwa muda wa saa nne, ngozi imekunjamana na kupasuka kwenye vidole vinavyofunga kamba, halafu vidole hivyo hivyo vikipokea fedha kwenye mizani. Hapo hakuna anayehitaji kufichwa, na kwa kawaida wakulima wenyewe wanataka waonekane.

Jukwaa pia lina shida ya nani atapanda juu yake. Familia nyingi za Pemba hazikubali binti yao aigize mbele ya wanaume, na kikundi kinachokwenda na msimamo wa kupambana na hilo hujikuta kinajadiliwa chenyewe badala ya jambo lililokileta. Njia zipo. Nimeona kina mama watu wazima wakikaa kwenye mkeka, buibui zao zimevaliwa, wakisomeana ushuhuda mmoja baada ya mwingine bila mapambo yoyote, na hadhira ikatulia kuliko nilivyowahi kuiona ikitulia kwa mchezo wenye ngoma. Wapo wanaocheza kwa kina mama peke yao. Filamu haiwapunguzii shida hii kama watu wanavyodhani, kwa sababu binti aliyekatazwa kusimama mbele ya watu mia mbili hawezi kuruhusiwa kusimama mbele ya ulimwengu mzima.

Gharama na wakati

Kwa fedha, tamthilia ni nafuu ya vifaa na ghali ya watu. Inataka wiki kadhaa za mazoezi, nauli, chakula, na uvumilivu wa waigizaji ambao wana mashamba na watoto. Filamu ni kinyume chake: siku chache za kupiga picha, kisha kompyuta, mhariri, na mara nyingi mtaalamu anayeletwa kwa boti kutoka Unguja. Simu nzuri inatosha kwa picha siku hizi, ila sauti ndiyo inayoharibu kazi nyingi, kwa kuwa upepo wa kusi ukipiga kwenye kipaza sauti cha simu ufukweni hubakiwi na neno moja la kufahamika. Nunueni kipaza sauti kabla ya kufikiria kamera. Umeme wa Pemba unaletwa kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, lakini kwa maonesho ya usiku vijijini chukueni jenereta na mafuta ya akiba.

Vibali havina tofauti kubwa, kwani mchezo na filamu vyote viko chini ya Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na katika kila shehia mwanzo ni kwa sheha. Kwa filamu kuna faida ya Tamasha la Nchi za Jahazi, linalofanyika Zanzibar tangu 1998, ambalo mbali na maonesho ya Ngome Kongwe limekuwa likipeleka filamu vijijini Unguja na Pemba. Mchezo hauna tamasha kama hilo la kuusubiri, kwa hiyo msipange kazi kana kwamba mtu atakuja kuualika.

Wakati wa maonesho uangalieni kwa kalenda ya bahari. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kutoka sana, wakulima wa mwani wako pwani maji yanapotoka, na ukiwaita mchana watakuja waliochoka au hawatakuja kabisa. Maji mafu, yanapotoka kidogo tu, ndiyo siku zao za kukaa. Kwa mikarafuu, subirini mavuno yaanikwe yaishe.

Kuhusu kuunganisha vyote viwili

Vikundi vingine husema basi tucheze mchezo na tuupige video, tupate yote. Siwashauri. Mchezo uliopigwa video huwa filamu mbaya, sauti inatoka mbali na nyuso ni ndogo, na lililo baya zaidi ni kwamba kamera ikisimamishwa uwanjani, mazungumzo ya baada ya mchezo hufa. Mtu aliyekuwa tayari kukiri mbele ya majirani hawezi kukiri mbele ya kitu kitakachokumbuka. Kinachofaa ni kuvifuatanisha. Kwa jambo la mwani, kwa mfano, ningeanza na usomaji wa ushuhuda wakulima wakiwa peke yao, kwa sababu wakati wa kusikilizana ndipo wanapokubaliana dai lao hasa ni nini: bei, mizani, mahali pa kukaushia, au vyote. Dai likishakuwa moja, ndipo kamera iitwe, ipige kile tu kilichokubaliwa, na filamu ioneshwe kwa mtindo wa Fogo, wenyewe kwanza, kabla haijapelekwa kwa wanunuzi na kwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi.

Mara mbili vijana wa Mkoani wameniuliza kuhusu meli ya MV Spice Islander I, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikija Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Vijiji vingi vya kisiwa hiki vina nyumba iliyopoteza mtu, na wengi hawakupatikana hata wazikwe. Kwa jambo hili nisingechagua jukwaa, maana kumpa kijana nafasi ya mtu anayezama mbele ya mama yake ni kumrudisha mama yule majini, isipokuwa familia zenyewe ziombe. Ningechagua kamera, lakini kamera isiyo na hadhira kwanza: mtu mmoja mmoja, nyumbani kwake, aliyenusurika au aliyefiwa, aseme atakavyo na asimame atakapo, bila muziki na bila picha za meli kupachikwa juu ya maneno yake. Nakala moja abaki nayo mwenyewe, moja iwekwe Nyaraka za Taifa Kilimani, na moja ibaki hapa Pemba. Kama itakuja kuwa filamu, hilo waliamue waliosema, wakiwa wamekaa pamoja na wameshaoneshwa kila kitu, na aliyekataa sehemu yake itolewe bila kuulizwa kwa nini.